Usione Vyaelea: Wanawake Walioileta Bahari Sebuleni, na Samaki Anayechunga Mchanga



Biharusi anapopanga sebule yake hufikiria pazia, zulia, taa na mito. Siku hizi wapo wanaotamani na kitu kimoja zaidi: tangi la kioo lenye maji ya bahari, matumbawe na samaki wa rangi. Ni pambo linalotuliza macho, sina ubishi. Lakini pambo hili lina uhai ndani yake, na lina historia ambayo wengi wetu hatukusimuliwa. Leo tuipitie pamoja, maana ndani yake mna wanawake, mna sindano na uzi, mna gauni la harusi, na mna hata Unguja yetu.

Tutaongozwa na samaki mmoja. Wataalamu humwita Valenciennea. Jamii yake ina aina nyingi, na wanaishi kuanzia pwani ya Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Pasifiki. Kazi yake kubwa ni moja: huinama, akajaza mdomo mchanga, akauchunga kama unavyochunga unga wa chapati. Vijinyoo na vikamba vidogo mno hubaki mdomoni, ndiyo riziki yake, na mchanga safi humwagika kupitia matamvua yake. Anafanya hivyo kutwa nzima. Ndiyo maana wenye matangi humpenda: mchanga wao hubaki mweupe, hauoti utelezi. Na ndiyo maana pia wengi wa samaki hawa hufa njaa katika nyumba za watu wanaowapenda. Tutafika huko inshaAllah. Kwanza tujue tangi lenyewe lilitoka wapi.

Mshonaji wa gauni la harusi

Mwaka 1794, katika mji mdogo wa Juillac nchini Ufaransa, alizaliwa binti aliyeitwa Jeanne Villepreux. Hakuzaliwa katika ukwasi. Mwaka 1812, akiwa bado kijana, aliondoka kwao kwenda Paris kutafuta kazi, safari ya zaidi ya kilomita 400, na inasimuliwa kuwa aliiendea kwa miguu. Huko akawa mshonaji. Mkono wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwaka 1816 alishughulika na gauni la harusi la binti wa kifalme, Maria Carolina wa Napoli na Sicilia, aliyekuwa anaolewa na Duke wa Berry, mpwa wa mfalme wa Ufaransa.

Mwaka 1818 Jeanne mwenyewe akaolewa, na mfanyabiashara aitwaye James Power, wakahamia Messina katika kisiwa cha Sicilia. Basi fikirieni: mwanamke hana kazi ya kumlazimu tena, yuko kisiwani, bahari i mbele ya dirisha. Wengine wangekaa wakapokea wageni tu. Yeye alianza kusoma. Alikizunguka kisiwa, akaandika habari za mimea, vipepeo, kombe na viumbe vya baharini.

Kilichomshika zaidi ni kiumbe wa jamii ya pweza aitwaye Argonauta. Jike lake hukaa ndani ya kombe jeupe, jembamba kama karatasi. Wataalamu wa wakati ule walibishana: je, kombe lile analiunda mwenyewe, au ameliiba kwa kiumbe mwingine, kama wale kaa wanaoingia katika kombe tupu wakazifanya nyumba? Ubishi ulidumu miaka mingi kwa sababu wengi walikuwa wakimtazama akiwa maiti, ndani ya chupa ya spiriti.

Jeanne alitaka kumtazama akiwa hai. Ndipo mwaka 1832 akatengeneza tangi la kioo la kuwekwa nyumbani, likawa na maji ya bahari. Akatengeneza na vizimba vya kuzamishwa majini karibu na ufukwe, na vingine vya kutiwa nanga baharini kwa viumbe wakubwa. Akakaa, akatazama. Akavunja kipande cha kombe, akaona kiumbe akiliziba pengo mwenyewe. Akaona watoto wakitoka kwenye mayai bila kombe, kisha wakaliunda. Jibu likapatikana: jike la Argonauta ni mjenzi wa nyumba yake, si mwizi.

Mwaka 1838 meli iliyobeba sehemu kubwa ya mikusanyo na maandishi yake ilizama. Miaka ya kazi ikaenda na maji. Hata hivyo habari zake zilikuwa zimeshaanza kusambaa. Mwaka 1839 mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, Richard Owen, alizifikisha mbele ya wanasayansi wa London, nao wakampokea Jeanne katika jumuiya yao ya elimu ya wanyama. Alifariki mwaka 1871, na baada ya hapo jina lake likafifia kwa zaidi ya karne. Ni mwaka 1997 tu ndipo shimo moja kubwa katika sayari ya Zuhura lilipopewa jina lake. Angalieni dunia ilivyo: jina lake liliandikwa juu ya sayari kabla halijaingia vizuri kwenye vitabu vya shule.

Sindano, uzi na mkono wa mtumishi

Mwanamke wa pili ni Anna Thynne wa London, mke wa kasisi wa Westminster Abbey. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akapendezwa na matumbawe madogo aliyoyaona hai. Akataka kwenda nayo mjini. Lakini vipi? Ndani ya mtungi yangegongana na kuvunjika njiani. Basi akachukua sifongo kubwa, akachukua sindano na uzi, akayashonea matumbawe yale juu ya sifongo, akayatia kwenye mtungi wa maji ya bahari, akaondoka nayo.

Kufika London, taabu ikaanza. Maji ya bahari yaliyotulia huishiwa hewa, na kiumbe aliye ndani hukosa pumzi. Pampu za umeme hazikuwepo. Dawa aliyoigundua Anna ilikuwa hii: kila siku maji yamiminwe kutoka chombo kimoja kwenda kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, yakianguka na kuchukua hewa, kwa nusu saa mpaka robo tatu ya saa. Na kazi hiyo aliifanya mtumishi wake wa ndani, mwanamke.

Mwaka uliofuata Anna aliagiza mwani hai, ukasaidia kutia hewa majini, na kazi ya kumimina ikapungua. Matumbawe yake yaliishi miaka mitatu, mbali kabisa na bahari. Mwaka 1859 habari zake zilichapishwa katika jarida la elimu ya viumbe, na jina la Anna limebaki. Jina la yule mtumishi halikubaki. Lakini dada zangu, bahari ya kwanza iliyodumu katika nyumba za London ilipumua kwa nguvu za mkono wake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Na mara nyingi mwenye kuunda yuko jikoni.

Fasheni ilipofika, miamba ikawa mitupu

Mwaka 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington aliandika kwa mpangilio kile ambacho wanawake hawa walikuwa wakikitafuta kwa vitendo: samaki, mimea na konokono wakiwekwa kwa kipimo, mmoja hulisha na kusafisha alipochafua mwingine, na maji hudumu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake kiitwacho The Aquarium, na jina hilo likashika duniani.

Wakati ulikuwa umewiva. Kodi ya vioo Uingereza ilikuwa imefutwa mwaka 1845, vioo vikashuka bei. Reli zilikuwa zimefika pwani. Ghafla kila nyumba yenye uwezo ikataka tangi sebuleni. Watu wakashuka fukweni na ndoo, nyundo na patasi, wakabandua kila chenye kupendeza.

Yaliyofuata yalishuhudiwa na mtoto. Edmund, mwana wa Gosse, alikuwa akifuatana na baba yake katika miamba ile. Alipokuwa mtu mzima aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwa majonzi kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vimekwisha kuharibiwa na wakusanyaji. Baba yake, aliyeipenda bahari na kumtukuza Muumba wake kwa kila alichokiona, ndiye aliyewafundisha watu njia ya kwenda kuikomba. Hakukusudia. Lakini bahari haiulizi nia ya aliyekomba.

Hapo tuweke alama. Jeanne alitengeneza tangi ili ajue. Anna na mtumishi wake walilihudumia kila siku. Walipokuja watu wakataka pambo bila huduma, viumbe wakafa, wakaletwa wengine, nao wakafa. Kila palipo na tangi bila mkono wa kulihudumia, bahari ndiyo hulipa gharama.

Samaki wetu na Unguja

Sasa turudi kwa mchunga mchanga. Samaki wa jamii hii aliingia vitabuni mapema. Mwaka 1782 Mfaransa aitwaye Broussonet alimwandika yule mwenye kichwa cha manjano na mstari wa buluu chini ya jicho. Leo ndiye anayependwa zaidi na wenye matangi. Mwaka 1856 Pieter Bleeker aliipa jamii nzima jina la Valenciennea, kwa heshima ya mtaalamu wa samaki Achille Valenciennes.

Na Unguja nayo imo. Kuanzia mwaka 1863 mpaka 1867, enzi za Sayyid Majid, balozi mdogo wa Uingereza hapa alikuwa Robert Lambert Playfair. Alikuwa mpenzi wa samaki. Alikusanya samaki wa bahari yetu, akashirikiana na Albert Günther wa jumba la makumbusho la London, wakatoa kitabu kuhusu samaki wa Zanzibar. Humo, mwaka 1867, aliandikwa mchunga mchanga mwenye mapande mapana ya rangi ya kahawia na doa jeusi kwenye pezi la mgongo. Leo anaitwa Valenciennea wardii. Jina linamtukuza mtu aitwaye Ward. Aliyemtoa majini, kama si Ward mwenyewe, hakuachiwa hata herufi moja.

Nalisema hili si kwa kulaumu waliopita, bali ili biharusi wa Unguja au Pemba anayemwona samaki huyu nyuma ya kioo ajue kuwa si mgeni kutoka ng'ambo. Ni jirani yetu. Jamii yake inachunga mchanga wa bahari hii tangu kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga.

Mchanga ulivyogeuka kuwa muhimu

Kwa karibu miaka mia moja baada ya Gosse, matumbawe yaliendelea kuwa magumu kufuga. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika katika jarida la wafugaji wa samaki njia yake nyepesi: mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na uhai wake wote, maji ya bahari, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Mawe yale yalikuwa na bakteria na viumbe wadogo waliofanya kazi ya usafi. Alikuwa karibu na bahari, na aliiga alichokiona.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Monaco, mwanasayansi Jean Jaubert alionyesha nguvu ya mchanga wenyewe. Kinyesi na mabaki ya chakula hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa juu huigeuza hatua kwa hatua kuwa naitreti. Chini ya tabaka nene la mchanga, ambako oksijeni ni haba, bakteria wengine huigeuza naitreti hiyo kuwa gesi ya naitrojeni, nayo hutoka majini. Kwa hiyo mchanga si zulia la kupambia sakafu ya tangi. Ni kiwanda kilicho hai, na vijinyoo na vikamba vidogo ndani yake ndio vibarua wanaoufungua upitishe maji.

Hapa ndipo penye fundo. Mtu huweka mchanga ulio hai, kisha humnunua mchunga mchanga ili uwe mweupe. Samaki naye hufanya alichoumbiwa: hula wale vibarua wote. Baharini ana uwanja usio na mwisho, akimaliza hapa huhamia pale. Katika tangi dogo, baada ya muda mchanga humwishia chakula. Anaendelea kuchunga na hapati kitu. Mwenye nyumba anaona mchanga unang'aa, anafurahi, huku tumbo la samaki likiingia ndani kidogo kidogo. Uzuri wa tangi ndio alama ya njaa yake.

Mume na mke chini ya mchanga

Kuna jambo moja ambalo maharusi watalipenda. Aina nyingi za samaki hawa huishi wawili wawili, dume na jike, hulisha pamoja na huchimba shimo pamoja. Katika aina moja, Valenciennea longipinnis, watafiti wa Kijapani huko Okinawa walitazama kazi za nyumba zao. Jike hutaga shimoni. Dume hukaa ndani na mayai, akiyalinda na kuyapepea. Nje, jike hujenga kichuguu cha mchanga na vipande vya matumbawe juu ya shimo, na kichuguu kile husaidia maji mapya kuingia kwa mayai. Watafiti wakaona kichuguu kikiondolewa, mzunguko wa maji hupungua.

Mmoja analea ndani, mwingine anajenga nje, na kazi ya kila mmoja ndiyo inayomfaa mwenzake. Sitaongeza nasaha juu ya hapo, masomo wenu watawaeleza. Nataka tu mjue kwamba akinunuliwa mmoja peke yake, mara nyingi ni nusu ya nyumba iliyovunjwa.

Amana iliyo nyuma ya kioo

Dini yetu haikukataza kufuga kiumbe. Tunajua habari ya Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) akimtania kwa upole juu yake. Wanavyuoni wametoa humo ruhusa ya kufuga, kwa sharti la wema. Na tunajua habari ya pili, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Mwanamke yule hakumpiga paka wala hakumchinja. Alimfunga, akamsahau.

Tangi ni kifungo, hata likiwa zuri vipi. Samaki aliye baharini hujitafutia. Aliye kwetu hana njia ila mkono wetu. Kwa hiyo anayetaka mchunga mchanga ajiulize haya kabla hajatoa pesa:

Je, tangi langu ni kubwa, na limekaa muda mrefu mpaka mchanga wake ukawa na uhai? Samaki mwenye kichwa cha manjano hufikia sentimita 18, na tangi jipya halina cha kumlisha.

Je, mchanga ni laini? Changarawe kali humuumiza mdomo na matamvua.

Je, mawe yamekaa juu ya sakafu ya tangi yenyewe kabla mchanga haujamwagwa? Huyu ni mchimbaji. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga litaporomoka, na huenda likamwangukia.

Je, lipo funiko? Akishtuka huruka nje.

Je, nitamlisha mara kadhaa kwa siku, kidogo kidogo, kamba waliosagwa na vyakula vinavyozama, hata siku za arusi za watu na siku za Ramadhani ambazo jikoni hapakaliki? Kama si mimi, ni nani, na je, nimemwambia?

Je, najua ametoka wapi na amevuliwa vipi? Wapo samaki wa matangi wanaozalishwa na binadamu, lakini wachunga mchanga wengi bado hutolewa baharini. Na nchini Ufilipino, tangu miaka ya 1960, kuna waliovua samaki wa mapambo kwa kunyunyiza sumu ya sayanidi kwenye matumbawe, samaki wakalewa na matumbawe yakafa.

Kama majibu ni ndiyo, bismillah, mfuge na umhudumie. Ukiona mgongo wake unakonda na tumbo linabonyea, usisubiri. Ongeza chakula leo, au mrudishe kwa mwenye tangi kubwa.

Kama majibu ni hapana, si aibu. Sebule ni nzuri hata bila mfungwa. Na sisi wa visiwani tumepewa ambacho mabibi wa London walikitamani wakakosa: tangi lisilo na kioo. Mwaka 1994 mwamba wa upande wa magharibi wa kisiwa cha Chumbe ulitangazwa kuwa hifadhi, na matumbawe yake yapo hai mpaka leo. Baada ya fungate, mwambie bwana akupeleke huko mkayaone matumbawe yakiwa kwao. Au shuka tu ufukweni maji yakitoka, pale wanawake wetu wanapolima mwani, utulie utazame chini. Kila punje ya mchanga ule inachungwa na viumbe wengi, hakuna anayewanunua wala kuwasifu, na bado bahari inabaki safi.

Allah atujaalie nyumba zenye huruma kwa kila kinachopumua ndani yake, na awabariki maharusi wetu wote. Amin.

Wassalaam alaykum.